Hata Inzi Wameikataa

Mama alipofariki aliacha chupa pana ya kioo, nzito, yenye mdomo unaopitisha mkono mzima. Humo alikuwa akichachusha maganda ya mananasi, tukayanywa maji yake yakiwa baridi, yanauma ulimi kidogo. Mimi na wifi yangu, mke wa kaka, kila mmoja aliitaka chupa ile. Tulikuwa tunaishi nyumba moja na kupika jiko moja, na kwa mwaka mzima tulikuwa hatusalimiani ila mbele ya wageni.

Kaka ni dereva wa lori na akirudi safari hataki kelele. Akaamua.

"Dada ni mkubwa, aanze yeye. Nikirudi Alhamisi nikaonja, ikawa kama ya mama, chupa ni yake. Ikishindikana, ni ya mke wangu. Na sitaki kusikia tena habari za chupa."

Nilianza Jumatatu asubuhi. Mama hakuwahi kunifundisha. Nilimtazama tu, nikaandika kwenye daftari. Maganda ya mananasi mawili, sukari nyekundu vikombe viwili, kijiti cha mdalasini, karafuu tatu, maji mpaka shingoni mwa chupa. Wifi alisimama mlangoni na ufagio wake.

"Wifi, na kupumua umeandika? Usije ukasahau."

"Nimeandika," nikasema.

"Mpishi wa karatasi! Mama mkwe hata kalamu alikuwa haigusi."

Kazi yangu ni kuosha na kuchemsha vyombo vya upasuaji hospitalini, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na kazi hiyo imenizoesha kunyamaza na kuhesabu dakika. Daftari halikusema lolote kuhusu kuosha, kwa hiyo nikaosha nijuavyo. Niliyasugua maganda kwa brashi, nikayachemsha dakika kumi, nikaisuuza chupa kwa maji ya moto. Vyote vilipopoa nikavitia ndani, nikafunika kwa kitambaa safi.

Mama alikuwa akipata povu siku ya pili. Jumanne sikuona povu. Jumatano maji yalikuwa yametulia kama ya kisimani. Wifi alipita, akainua pembe ya kitambaa kwa kidole kimoja.

"Maskini. Hata inzi wameikataa."

Nilimgeukia. Sina sauti kubwa, lakini nilisema nilichokuwa nimekilea tangu asubuhi.

"Umetia nini humu, wifi?"

"Nimetia macho tu," akasema, akaenda zake akicheka.

Kaka alipopiga simu jioni hiyo, nilimwambia ninavyoshuku. Huwa sipendi kumhukumu mtu kabla sijaona kwa macho yangu. Siku hiyo nilihukumu.

Alhamisi mchana nilitoka kwenda kumwaga ndoo ya taka nyuma ya nyumba. Jumatatu nilikuwa nimetupa humo vichwa vya mananasi na vipande vya maganda vilivyobaki, bila kuviosha, na mvua ikaingia. Ndoo ilikuwa inachemka bila moto. Povu jeupe lilijaa juu, viputo vinapanda na kupasuka, na harufu yake ilikuwa ya jiko la mama.

Nilisimama na ile ndoo mpaka mkono ukafa ganzi. Ganda la nanasi lina hamira yake lenyewe. Mimi kazi yangu ni kuua vijidudu, na nilikuwa nimewaua wale waliokuwa wakimfanyia mama kazi.

Niliporudi jikoni kaka alikuwa amefika. Alionja, akaitema kwenye sinki.

"Maji ya sukari." Akamgeukia mkewe. "Umetia nini?"

"Sijaigusa."

"Dada hakosei. Dada hata chumvi anaipima. Mwaka mzima unamwandama! Basi chupa ni yake, na jiko hili kuanzia leo atalishika yeye. Wewe utaomba ruhusa kwake."

"Na mimi niape kwa nani," wifi akasema, "na wewe umeshahukumu?"

Chupa ilikuwa yangu, na jiko. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza nakujua.

"Niliyachemsha maganda," nikasema. "Dakika kumi. Niliiua hamira mwenyewe. Yeye hakutia kitu."

Kaka alinitazama, akamtazama mkewe, akaenda kuoga.

Wifi aliivuta chupa upande wake wa meza.

"Nilikuona unachemsha. Jumatatu ile ile, pale mlangoni."

"Ukanyamaza?"

"Hukuniuliza. Lini uliwahi kuniuliza kitu, wewe?" Akaimwaga kazi yangu yote kwenye sinki, taratibu, nione. "Na usidhani nitakushukuru. Umesema kweli, basi. Kweli si zawadi."

Akatengeneza yake jioni hiyo. Aliyapitisha maganda kwenye maji ya bomba mara moja tu, akatia sukari kwa kiganja na karafuu kwa kudondosha. Jumamosi povu lilisukuma kitambaa. Jumapili akanibwagia glasi iliyojaa mezani mpaka ikamwagika.

"Onja, mwenye daftari."

Nilionja. Ilikuwa ya mama, hadi ule ukali wa mwisho puani.

"Karafuu ngapi?" nikauliza.



"Sijahesabu," akasema, akaichukua glasi kabla sijaimaliza.