Unga wa Chumba cha Wifi

Viroboto wa nyumba ya mama mkwe walikuwa wanatoka chini ya mlango mmoja tu, mlango wa chumba cha wifi yangu, na wifi yangu alikwisha kufa. Niliyajua hayo kwa sababu mfagiaji nilikuwa mimi. Ukifagia sebuleni hupati kitu. Ukifika mbele ya mlango ule wanakurukia miguuni, weusi, wana njaa, na hawaogopi ufagio wala matusi.

Tulihamia kwa mama miezi kadhaa baada ya msiba, mimi, mume wangu na mtoto, ili asibaki peke yake. Mume wangu ni dereva wa lori, kwa hiyo kusema kweli tuliohamia ni mimi na mtoto. Yeye alihamisha viatu tu. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, na hakuna alichokiona sakafuni asikitie kinywani: vifungo, vipande vya uzi, ndala za bibi yake. Kila nilipombadilisha nguo nilimkuta na vipele vipya kiunoni na kwenye vifundo vya miguu. Mimi nikiumwa najikuna na kulaani. Yeye alikuwa analia, na kilio chake kilinikata maini.

"Mwarobaini," mama mkwe alisema. "Unakausha majani kivulini, unatwanga, unachekecha, unamwaga. Ukifagia, unamwaga tena. Wataisha."

"Lini, mama?"

"Wataisha tu. Mvumilivu hula mbivu."

"Kwa viroboto, mama, mvumilivu ndiye anayeliwa."

Alicheka, maana ni mtu wa kucheka, lakini hakuacha kuchambua majani yake. Mimi subira sikujaliwa na sijawahi kujisingizia kuwa ninayo. Nashona nguo za watu, cherehani yangu iko barazani, na mteja aliyekuja kupimwa gauni akaondoka anajikuna, huyo harudi. Nikaona dawa ya moto ni moto. Nikamwachia mama mkwe mtoto, nikaenda duka la dawa za mifugo.

Muuzaji alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Aliniwekea pakiti mezani, kisha akaiwekea mkono juu.

"Nyumbani kuna mtoto mdogo?"

"Yupo. Anatambaa."

"Basi hii usiimwage anapotambaa. Inapita kwenye ngozi. Akijilamba mikono, ndiyo balaa."

"Na mwarobaini?"

"Huo hauna haraka. Ila hauwezi kumdhuru mtoto kama hii."

Nikamweleza kuhusu chumba kilichofungwa tangu msiba, na jinsi viroboto wanavyotokea humo. Aliinua uso.

"Hapana," akasema. "Kiroboto mchanga anajifungia kwenye kifuko chake, anangoja. Anaweza kungoja hata miezi. Hatoki mpaka asikie kishindo cha miguu na joto la mtu. Chumba kisichokanyagwa kinakaa kimya."

"Chetu hakijakaa kimya."

"Basi kinakanyagwa."

"Ni panya hao," nikasema.

"Labda," akasema, akaniachia pakiti.

Njiani nilipata mpango na nikajiona mjanja. Unga wa mwarobaini ningemwaga ukumbini na vyumba vyote anavyotambaa mtoto. Sumu ningeitia chumba cha wifi peke yake, nikafunga mlango. Nani anaingia humo? Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mama mkwe alipoiona pakiti, kicheko kilimwisha.

"Humo usitie sumu."

"Kwa nini, mama? Hakuna anayeingia."

Aliutazama ule mlango, akanitazama mimi. "Usitie tu, mwanangu. Nakuomba."

"Mjukuu wako analiwa, mama, na wewe unaniambia usitie tu!"

Nilimpigia mume wangu. Nyuma yake lori lilikuwa linanguruma. "Mama ana maneno yake," akasema, "na wewe una akili zako." Mwanamume akikaa kati ya mama na mke hujifanya hana masikio. Nikakata simu, nikachukua ufunguo kwenye msumari wake.

Chumba kilikuwa kama alivyokiacha. Magauni yake ukutani, kitana chenye nywele zake dirishani, viatu vimepangwa pembeni mwa kitanda. Nilianza kumwaga kwenye kona ya mbali nikarudi kinyumenyume, ili nisiache hata unyayo wangu. Ulikuwa unga mweupe, na harufu yake ilinikwaruza koo. Nilipofika mlangoni sakafu yote ilikuwa safi, nyeupe, haina alama. Nikafunga, nikasokomeza kitambaa kikuukuu chini ya mlango, na ufunguo nikautia kwenye sidiria, benki isiyoibiwa. Kisha nikamwaga mwarobaini ukumbini kote, kijani kitupu.

Siku iliyofuata mchana tulikuwa barazani. Mama mkwe alikaa chini karibu na miguu yangu, anachekecha majani mengine, nami nilikuwa napinda sketi za shule. Mtoto amelala ndani, chumbani kwangu, kwenye mkeka chini ya chandarua chake kidogo. Wateja walizoea kuniuliza, "Unawezaje kushona na mtoto mdogo hivyo?" nami nilijigamba kwamba wangu ni mtulivu, akiamka analia kidogo kisha anajinyamazia mwenyewe.

Akalia kidogo. Akanyamaza. Kisha akacheka, kile kicheko cha mtoto anayerushwa juu na kudakwa.

Mkono wa mama mkwe ukasimama kwenye chekecheo. Hakuinua macho. Kitu fulani katika kule kutoinua macho kikanifanya niinuke.

Ukumbini, juu ya unga wa kijani, kulikuwa na nyayo nyeupe. Zilikuwa za mtu mzima asiyevaa viatu, nyembamba, ndefu kuliko zangu. Zilianzia kwenye mlango wa wifi, zikaenda hadi chumbani kwangu, zikarudi. Kitambaa changu kilikuwa bado kimesokomezwa chini ya mlango. Nikausukuma mlango; umefungwa. Nikajipapasa kifuani; ufunguo upo, una joto langu.

Mtoto alikuwa ndani ya chandarua chake, kimechomekwa vizuri pembe zote, kuliko ninavyochomeka mimi. Amekaa, macho yake yako mlangoni, anatabasamu. Chini ya makwapa, kwenye fulana yake ya buluu, palikuwa na alama nyeupe za viganja viwili, vidole vimetanuka, kama mtu anavyomshika mtoto akitaka kumnyanyua. Na mate yalikuwa yanamchuruzika yasikatike. Mboni za macho zilikuwa zimenywea, ndogo kama matundu ya sindano. Nilipomchukua, mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Nilipiga ukelele. Mama mkwe alikuja akijikokota kwa magoti yake mabovu, na hakuuliza kitu hata kimoja.

"Mvue," akasema. "Maji na sabuni, upesi."

Tulimwosha, tukamfunga shuka safi, tukachukua pakiti, tukakimbilia kituo cha afya. Kwa kweli nilikimbia mimi. Mama alifika baadaye, anahema. Nesi aliisoma pakiti, nikamweleza alama za viganja, akamwosha tena, akamchoma sindano, akamweka kitandani akimwangalia pumzi. Sijawahi kumwomba Mungu kama nilivyomwomba siku ile, bila mpangilio, bila haya, kwa sauti. Mate yalipopungua na mboni zikaanza kufunguka, nilikaa sakafuni.

"Atapona," nesi akasema. "Bahati mmewahi. Sasa niambieni, nani alimbeba huku ana dawa mikononi?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu.

"Shangazi yake."

"Basi mwambieni," nesi akasema akivua glavu, "ajifunze kunawa."

Alipotoka nilimgeukia mama. Nilikuwa na woga, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. "Ulijua."

"Ulidhani nani anambembeleza ukiwa kwenye cherehani? Mimi, kwa magoti haya?"

"Na hukuniambia!"

"Ungehama," akasema.

Kweli, ningehama.

"Ulipokuwa na mimba ya huyu mtoto, wifi yako aliniapia kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kumbeba," mama akaendelea, polepole. "Akafa hujajifungua. Hana nia mbaya. Alikanyaga ulichomwaga wewe." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mimi namsikia tu. Mtoto ndiye anayemwona."

Nililala macho wazi pembeni mwa kitanda cha mwanangu. Nilifikiri kurudi kwetu. Lakini mtu ambaye kufuli halikumzuia, wala kitambaa, wala mauti, umbali ungemzuia? Sikuwa na uwezo wa kuchagua nani amshike mwanangu. Nilichoweza kuchagua ni unga ulio chini ya miguu ya huyo mtu.

Tuliporuhusiwa, nilimwacha mtoto na bibi yake kwa jirani, nikajifunga kitambaa puani, nikafungua kile chumba. Zilikuwepo nyayo humo, nyingi, zinazunguka kitanda, zinaenda dirishani, zinarudi. Sikuzikanyaga mpaka nilipolazimika. Niliuzoa unga kwa matambara mabichi, sikufagia usije ukapaa. Nikasugua sakafu, nikasugua tena mpaka maji yakatoka safi. Godoro nikalitoa juani. Magauni nikayafua yote, na viatu vyake nikavifuta ndani na nje. Kisha nikamwaga unga wa mama mkwe, kiasi, kwenye nyufa na kona. Karibu na mlango nikaweka kigoda, beseni la maji, sabuni na taulo.

Nikasimama hapo nikijiona kichaa. Chumba kilikuwa kimya, ila kile kimya cha chumba chenye mtu.

"Wifi," nikasema. "Mimi na wewe hatukupikika chungu kimoja, tusidanganyane. Uliwahi kusema nashona kama mtu anayefukuzwa. Haya. Mtoto ni wa kaka yako, na wewe ni shangazi, siwezi kukunyima. Lakini ulikaribia kuniulia mwanangu, na sumu nilitia mimi, kwa hiyo sote tuna makosa. Kuanzia leo, kabla ya kumshika, unanawa. Na miguu pia."

Mlango sikuufunga kwa ufunguo. Ningefunga ili iweje?

Viroboto wanapungua, kwa mwendo wa mama mkwe. Kila tunapofagia tunamwaga tena, na mtoto tunamtoa nje mpaka vumbi litulie. Mume wangu aliporudi alisema nyumba inanukia vizuri, akavua viatu, akalala. Hatukumwambia.

Leo mchana niko kwenye cherehani na mama mkwe yuko miguuni pangu na chekecheo lake. Mtoto ameamka huko ndani, ameanza kulia. Nimeinuka nusu, kiti kikalia. Mama amenishika pindo la gauni, si kwa nguvu.

Tumesikia maji kwenye beseni. Taratibu, bila haraka, kama mtu anayesugua hata katikati ya vidole. Yakatulia. Mlango ukafunguka.

Nimekaa. Nimeweka mguu kwenye kanyagio la cherehani, lakini sijakanyaga, nasikiliza kwa mwili mzima.

Mwanangu akacheka.