Alama Kwenye Mzinga

Ndila hakuwa mtu wa kutulia, lakini Jumapili ile alizidi. Washirika wa kanisa lao la Makindu walikuwa wametoka kutembea kwenye reli ya zamani, ile iliyokuwa ikileta kuni za injini za moshi. Vyuma viling'olewa kitambo. Vijana wa kanisa walifyeka miiba, tuta likawa njia nzuri ya matembezi, na milima ya Chyulu ikionekana upande mmoja. Wenzake walisimama kila mara kustaajabu. Yeye alikata mbuga kana kwamba anafukuzwa.

"Dada Ndila, pole pole!" akaita mwalimu Muturi, kiongozi wa safari. "Tumekuja kuona view, si mashindano."

View! Ndila hata hakugeuka. Jumamosi iliyokuwa ikija wazee wangekutana kwao Kanyangi kugawa shamba la kaka yake Mbuvi, aliyegombana na baba akaondoka, hata mazishi ya baba asionekane. Ukoo ulishamhesabu maiti. Mama peke yake alikataa, na alikuwa akikonda kwa kukataa huko. Halafu mchuuzi mmoja akasema amemwona mtu kama Mbuvi kwenye reli hii. Kama, basi. Ndila alishikilia neno hilo hilo.

Karibu na daraja bovu, juu ya mgunga, aliona mzinga wa gogo. Alisogea kuutazama. Wakamba huchonga alama ya ukoo kwenye mzinga ili mwingine asiguse asali isiyo yake, na hii ilikuwa ya kwao: mikato miwili, na mmoja wa kukingama. Ila huo wa kukingama ulilalia upande usiofaa. Mbuvi alikuwa wa mkono wa kushoto, na baba alimgombeza kwa kosa hilo mpaka akachoka. Tena gogo lilikuwa bado jeupe pale kisu kilipopita, alama mpya kabisa.

Yu hai! Ndila aliruka kwa furaha, kisha furaha ikamtoka. Hai, karibu hivi, na nyumbani haji.

"Mbuvi!" akapiga kelele kuelekea kichakani, machozi yakimtoka. "Mama analia kila siku na wewe uko hapa unafuga nyuki?"

Wenzake walimfikia wakihema.

"Dada, turudi sasa," Muturi akasema. "Watu wamechoka."

"Nyinyi endeni, mwalimu. Huyu lazima atarudia asali yake."

"Na asipokuja leo?"

Ndila alitandika leso chini ya mti, akaketi, akanyoosha miguu.

"Mimi nimefika," akasema.