Mstari Niliouchora Chini ya Luciana

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Jumapili ile uso wa Salome ulikuwa umevimba, macho yamebaki vijistari viwili, na wewe ulikaa benchi la nyuma yake kanisani. Ukafungua kitabu cha nyimbo ukajifanya unatafuta ukurasa. Kijiji kizima cha Mwazye kilijifanya kinatafuta ukurasa.

Mimi Christopha niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, na ninachokisoma sikisahau. Kwa hiyo nakukumbusha. Mwaka 2009 watafiti walikuja hapa kwa sababu ukoo wa shemeji yangu Luciana ulikuwa unakwisha kwa figo: miguu inavimba, mkojo unatoka na povu, mtu anazikwa hajafikisha miaka arobaini. Wakamchukua Dominika, mdogo wake Luciana, wakampeleka hospitali, wakamchoma sindano nene mgongoni na kutoa kipande cha figo chembamba kama uzi. Baada ya miezi mitatu tukamzika. Wao wakaondoka na kipande chao. Miaka kumi na tano, hata salamu! Nilizunguka ofisi tatu kuulizia majibu. Nilichopata ni jina: mzee wa fujo.

Dominika aliacha mtoto wa mwaka mmoja, Salome. Luciana alimbeba mgongoni kutoka makaburini, na wazee wakatangaza hapohapo: kuanzia leo huyu ni wa Luciana na kaka yangu Valerian, na atakayemwita yatima ametuvunjia nyumba. Tukatii. Tulitii hadi hata Salome mwenyewe hakujua.

Mwaka jana watafiti walirudi, wakachukua damu ya watu wazima wa ukoo. Wakataka mtu anayejua kuandika awachoree ukoo, nani kamzaa nani. Nikajitolea mimi, mpiga kelele. Nilipofika kwa Salome, Luciana alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Mkono wangu ukavuta mstari chini ya jina la Luciana, nikamwandika Salome hapo kama mtoto wa kumzaa. Nilijua ni uongo. Nilidhani ni heshima.

Juni hii, wakati wa kupiga ulezi, gari lao likaja mara ya tatu. Safari hii majibu aliyaleta Daktari Kauthar, binti wa Rahim yule mwenye malori pale Sumbawanga. Akaweka meza kwenye darasa la shule ya msingi, akanipa kiti.

"Shikamoo, mzee. Nimeambiwa wewe ndiye unayetutukana."

"Marahaba. Na sijamaliza. Kipande cha Dominika kiko wapi?"

Akacheka, akanifungulia picha kwenye kompyuta. Figo ya Dominika, iliyotunzwa kwenye nta miaka yote hiyo, imejaa vidoa vya rangi kama shamba lililochanganywa mazao.

"Zamani tungekisaga chote pamoja," akasema. "Ni kama kusaga gunia zima la ulezi, halafu unauuliza unga ni punje ipi ilikuwa imeoza. Sasa mashine inakiacha kilivyo. Inasoma seli moja moja palepale ilipokaa: ipi inafanya kazi, ipi imenyamaza, na imekaa jirani na nani. Juu ya hapo tukapanga vinasaba vya damu, protini za mkojo, na kemikali zinazobaki mwili ukishatumia chakula. Vyote vikatuonyesha sehemu moja." Akagusa kidoa chekundu. "Seli hizi ndizo zinazoshikilia chujio la figo. Zilianza kung'oka muda mrefu kabla hajavimba. Na hitilafu kwenye kinasaba tumeipata, kwake na kwa kaka yake."

"Inatibika?"

"Ikiwahiwa, tunaichelewesha kwa miaka mingi. Ndiyo maana tunapima watoto wa wenye hitilafu. Wa mama Luciana hawamo, mzee. Damu yake ni safi, hana cha kuwarithisha."

Nilitazama karatasi ya ukoo mezani. Mwandiko wangu. Mstari wangu. Mtu mmoja tu Mwazye alikuwa amemfungia Salome mlango, na alikuwa amekaa kwenye kile kiti. Ningeweza kulisema pale pale. Lakini halikuwa langu kulisema kabla ya mama aliyemlea.

Luciana nilimkuta uwanjani anapiga ulezi, makapi yamejaa kwenye kilemba.

"Shemeji, leo umeacha kugombana na serikali umekuja kufanya kazi?" akanitania.

"Nimekuja kugombana na wewe. Salome apimwe."

Fimbo ikasimama hewani. "Ana minyoo. Wa duka la dawa amempa vidonge."

"Minyoo gani inavimbisha macho? Dominika alianza hivyohivyo, na wewe ndiye uliyekuwa ukimwosha miguu."

"Usilitaje hilo jina hapa!"

"Nitalitaja. Kipande chake kimesema, kilichobaki ni sisi. Wameandika Salome hana haja ya kupimwa kwa sababu amezaliwa na wewe. Niliandika mimi, Luciana. Nilikosea."

"Ulikosea, nenda kafute!" Alianza kulia kwa hasira, bila kuitupa fimbo. "Miaka kumi na sita nimemlea. Nimempa ziwa langu pamoja na Agnesi wangu. Leo niende mbele ya watu niseme si wangu?"

"Nani kakwambia useme si wako? Sema nani alimzaa. Gari linaondoka Ijumaa, leo Jumatano. Kesho saa nne nitakuwa darasani. Usipokuja nitasema mwenyewe, na baada ya hapo usinipokee tena kwako. Nitavumilia."

"Wewe kweli una roho ya jiwe."

"Ninayo."

Kesho yake saa nne hawakuja. Saa tano hawakuja. Saa tano na nusu nilisimama, nikashika ile karatasi, nikaita, "Daktari." Mlango ukasukumwa. Luciana, na nyuma yake Salome aliyevaa sweta ya shule.

Luciana hakukaa. "Andika," akamwambia Kauthar. "Huyu nimemlea. Aliyemzaa ni mdogo wangu Dominika, yule mliyemtoa kipande. Andika haraka kabla sijageuka."

Salome alimtazama.

"Mama, kaa," akasema. Kisha akakunja mkono wa sweta. "Dada, chukua damu."

Walianza na mkojo. Kijiti kilichoingia cha njano kikatoka kijani. Protini zinavuja. Kauthar akasema majibu ya kinasaba yatafuata, lakini dawa ya kupunguza mzigo wa figo haisubiri; Salome atamwona daktari wa Sumbawanga Jumatatu, na barua akaiandika mbele yetu. "Amewahiwa," akasema. "Mwaka mmoja zaidi nisingesema hivyo."

Tulipotoka nje, Salome akanigeukia. "Baba mdogo, na wewe ulijua?"

"Nilijua. Uongo niliuchora mimi."

"Watoto wa kulelewa kwenye ile karatasi tuko wangapi?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Tukarudi ndani, tukapitia nyumba moja baada ya nyingine kwenye karatasi, mimi nikikumbuka mazishi, yeye akiweka alama kwa kalamu nyekundu. Kumi na mmoja, mbali na Salome mwenyewe. Watoto kumi na mmoja wa ukoo huu wameandikwa chini ya watu wasiowazaa, kwa upendo mtupu, na gari halitawapima.

Kwa hiyo naandika haya usiku huu wa Alhamisi nikijua yatasomwa Mwazye asubuhi, kwa sababu nitayabandika mlango wa shule. Wewe unayelea mmoja wao, ulimlea vizuri, hakuna anayebisha. Lakini wewe ndiye unayemjua aliyemzaa, na daktari hamjui. Karatasi iko mezani, mstari unafutika, kalamu nitakushikia. Gari linaondoka saa sita mchana. Acha ulezi, acha aibu, mshike mtoto mkono mje. Mje sasa hivi.