Mkono wa Mama Sindano Mnadani

Enyi wenye watoto wakubwa, hasa nyie ambao mtoto akikohoa mnakohoa naye, sikilizeni yaliyompata Mama Sindano, mjifunze kwake kabla hayajawafika.

Sindano ni jina la utani la binti yake. Alizaliwa mwembamba, akakua mwembamba, na popote alipopanga foleni watu walimruka kana kwamba pale pana upepo tu. Mama yake aliishi na hofu hiyo moja: mwanangu haonekani. Lakini Mungu hakunyimi vyote. Binti alifanya kazi kwa sonara, akiunga mikufu iliyokatika na kupanua pete zilizobana, kazi safi, ila juu ya meza ya mtu mwingine. Hamu yake ilikuwa meza yake mwenyewe, katika kibanda chake mwenyewe.

Njia aliiona. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alikuwa akitafuta sarafu ya zamani ya fedha tupu, yenye picha ya ndege aliyegeuza shingo. Alimwahidi Sindano laki tatu akimletea. Na sarafu hiyo ingepigwa mnada Jumamosi, kwenye ukumbi wanakouza vitu vya watu waliohama na waliokufa. Ikipatikana kwa laki mbili, hata baada ya kamisheni ya ukumbi, faida ingelipa kodi ya kibanda na meza juu yake. Ikizidi sana hapo, kibanda hakuna.

Sonara alimwonya: "Bei ya haki ipange ukiwa umeshiba na umelala. Ukiingia mle ndani si wewe tena. Ukifika mwisho wako, shusha mkono. Na usigeuke nyuma kumtazama unayeshindana naye. Ukimwona utamchukia, na ukimchukia utalipa."

Jumamosi asubuhi, Sindano akiwa anafunga viatu, alisema, "Na wewe mama usije."

"Nije kufanya nini? Mimi na minada wapi na wapi!"

Alipotoka tu, mama akajifunga kilemba.

Mlangoni mwa ukumbi karani aliandika jina lake, akampa kadi yenye namba kubwa nyeusi. "Ya nini tena hii, baba?" "Anayeingia anapewa, mama." Basi akaipokea, na kwa kuwa mle ndani palikuwa na joto, akaanza kujipepea nayo.

Kulikuwa kama kuingia ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Vitanda visivyo na magodoro vilisimama wima ukutani. Saa za ukutani, kila moja na wakati wake, zilikuwa zinabishana taratibu. Vioo vikubwa vilitazamana, na ndani yake mama alijiona akijipepea mara nyingi, akiwa mdogo zaidi na zaidi, mpaka akapotea. Mwanga ulipita kwenye mapazia ya manjano, vumbi likaogelea humo bila haraka. Usiku mama hakulala vizuri, na sauti ya dalali pale mbele ilikuwa laini, yenye kupanda na kushuka, kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Kiti kiliuzwa. Taa ikauzwa. Watu hawakusema neno. Waliinua kadi tu, na vitu vikahama.

Akamwona Sindano, kiti cha mbele kabisa, shingo yake nyembamba kama shina la ua. Moyo ukamlainika.

"Sarafu ya ndege," dalali aliimba, akainua kitu kidogo kilichomeremeta kwenye vidole vyake. Mama aliona, au alidhani ameona, yule ndege akimtazama yeye.

Sindano aliinua kadi. Mzee wa miwani upande wa dirishani akainua. Wakapandishana hivyo, hatua kwa hatua, mpaka mzee wa miwani akatikisa kichwa na kukunja mikono. Bei ilikuwa laki moja na sitini, na ilikuwa ya Sindano.

"Laki moja na sitini, mara ya kwanza," alisema dalali, macho yakizunguka ukumbini kutafuta mwingine. Yalipita juu ya kichwa cha Sindano kama yanavyopita juu ya kiti kitupu.

Hamwoni! Mama alishtuka. Anayo pesa, amekaa palepale, na hawamwoni! Akanyoosha mkono wenye kadi kumwonyesha dalali alipo mwanawe: huyo hapo, mbele yako!

"Laki moja na sabini, nyuma kule. Ahsante, mama."

Ameshukuru, mama akawaza, basi amemwona. Sindano akainua kadi yake. Dalali akainua tena macho, yakaelea tena juu ya ile shingo. Mama akanyoosha tena. Kila alipoonyesha, dalali alitabasamu na kuimba juu kidogo, na mama akahisi kama anamsukuma mwanawe kwenye bembea, juu, na juu zaidi.

Mwanamke aliyekaa ubavuni pake alimgusa kiwiko. "Shoga, unaitaka kwelikweli!"

"Naitaka mno. Kwa ajili ya mwanangu."

"Hongera mwenye mwana. Wengine tunakuja kutazama vitanda."

Kwenye laki mbili Sindano alisita, kisha akaiweka kadi magotini. Hakugeuka nyuma, ameonywa asigeuke. Mama aliona mabega yakishuka, akajua mtoto amekata tamaa ya kuonekana. Akasimama wima, akanyoosha mkono wote. Mzee wa miwani naye, kuona watu wawili wamegombea kiasi kile, akadhani sarafu ina siri asiyoijua. Akarudi. Akapanda, mama akaonyesha. Akapanda, mama akaonyesha. Saa ziliendelea kubishana, vumbi likaendelea kuogelea, na mle kwenye vioo umati wa akina mama wenye vilemba ulisimama, wote mikono juu.

Nyundo ikagonga.

"Laki tatu na ishirini. Mama wa kilemba, nyuma."

Hapo ndipo Sindano alipogeuka.

"Mama?"

"Amekuona, mwanangu! Nimehakikisha amekuona!"

Kicheko kilianzia upande wa dirishani, kikaenea. Dalali aliweka nyundo chini, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, wamefanana pua. "Kumbe ninyi ni nyumba moja? Mama, mlikuwa mnapandishiana wenyewe. Ilikuwa yake tangu laki moja na sitini."

"Mimi nilikuwa namwonyesha tu! Irudishe hapo basi, baba yangu."

"Nyundo ikishalia hairudi juu. Namba ni yako, jina ni lako. Usipolipa, binti yako naye hatanunua kitu humu tena."

Mama alikaa chini. Usingizi wote ulimtoka, na ukumbi ukawa ukumbi: vitanda vya watu, saa mbovu, joto. Sindano alitoa laki zake mbili. Mama akafungua pochi, akatoa pesa ya bati jipya la jikoni, aliyoogopa kuiacha nyumbani. Bei ya sarafu ikatimia, na kamisheni ikachukua hadi chenji. Hata mnunuzi akitoa laki zake tatu zote, ilikuwa hasara.

Njiani walitembea mpaka kwenye mtaro. Hapo Sindano akamwekea sarafu kiganjani. "Ishike wewe, mama. Mfuko wangu una tundu."

Mama akaifumbata. Ilikuwa baridi, halafu ikaanza kupata joto. "Lakini ni nzuri?"

"Nzuri sana. Bei yake ndiyo si ya haki."

"Na meza?"

Sindano aliruka mtaro kwanza, kisha akampa mama yake mkono.

"Vuka, mama. Meza mpaka mwakani. Na hapo nikienda, utabaki nyumbani."

"Nitabaki," alisema mama, na safari hii alimaanisha.