Mpangaji wa Milia

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa ndani ya tangi la samaki la mjukuu wangu Saumu, juu ya changarawe, nasuka ukili wa mkeka. Silowi.

Saumu yuko shule ya bweni. Aliniachia samaki wake mmoja tu, Harusi, mweupe, mwenye mapezi marefu kama shela. Wa pili, huyu Milia, mwenye milia myeusi na ya dhahabu, nilimleta mimi. Nilimwona sokoni amebaki peke yake kwenye ndoo, nikamhurumia. Wiki haijaisha, mkia wa Harusi umekuwa nyuzi, amekataa kula, na Saumu anarudi Jumamosi.

Basi katika ndoto Harusi anakuja, mkia kaufunga kwenye gazeti. Anasema nimshonee, anaona haya kutembea hivi. Natunga uzi. Konokono anapita na shughuli zake, anasimama, ananishikia kidonge cha uzi bila kuombwa. Nikamshukuru.

Nikishona upande huu, Milia anafumua upande ule. Nilimwambia aache. Akanijibu kwa adabu kwamba ameshaacha, huku anatafuna.

Nikafanya kama ninavyowafanyia wapangaji wangu wakigombania ukumbi: wote nje, vyombo vihamishwe. Maana tangi sasa ni nyumba yangu ya vyumba sita, maji yamefika darini. Jiwe la mlangoni nimelipeleka uani. Chungu nimekigeuza kitazame ukuta. Majani nimeyapanda katikati, mtu asimwone mwenzake anapokula. Milia anazunguka na kitanda kichwani, anabisha kila mlango, hajui tena chumba chake ni kipi. Asiye na chumba hawezi kumfukuza mtu. Harusi akala punje tatu.

"Itakaa siku mbili hiyo, Bi Mashavu," ikasema pampu kutoka pembeni. "Akishazoea, ataanza upya."

Nikaiuliza imejuaje.

"Maji yote ya humu yanapita kifuani kwangu. Na huo mkia usiushone. Unaota wenyewe, mwenyewe akiachwa kwa amani."

Niliweka sindano chini. Nikamwita Milia barazani, akatua kitanda, akakaa.

"Mwanangu, mwenzio amekukosea nini?"

"Hajanikosea, Bibi. Namwamkia."

Akanieleza. Kwao walikuwa wengi, hata hawahesabiki, na kukicha kila mmoja humng'ata mwenzake pezi, naye hung'atwa, ndiyo habari za asubuhi. Hakuna anayeumia, maana inagawanyika kwa wote. Hapa amemwamkia Harusi tangu afike.

"Haitikii," akasema. "Nikadhani hasikii vizuri. Nikazidisha."

Harusi alikuwa nyuma ya majani, anasikia yote. Alisogea kidogo, akamwachia Milia kivuli.

Mimi nimeinamisha kichwa. Nilidhani nimemtoa kwenye upweke, kumbe nilimchukua na ndoo yake.

"Utahama," nikamwambia. "Tangi lako mwenyewe, na ndugu zako watano. Chini ya hapo sikupangishi."

Akafikiri. "Na mpaka wafike, Bibi, nani ataniitikia?"

Nikamnyooshea kidole. Akaniamkia vizuri, mara moja, kwa heshima. Nami nikamwinua nikamwitikia ubavuni, taratibu, kwa meno yangu manne niliyobaki nayo.

"Ahsante," akasema. "Hiyo ndiyo yenyewe."

Nimeamka kumekucha. Nimekwenda kwenye tangi: Harusi kajibanza pembeni, Milia yuko nyuma yake. Nimemtoa Milia kwa kikombe, nikamweka kwenye bakuli la kioo, nikamwambia asubiri.

Kisha nimetoka uani kusukutua. Nimetema mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu limetoka gamba moja, dogo kuliko punje ya ufuta, nusu jeusi, nusu la dhahabu.

Nimelifunga kwenye pindo la kanga, nikavaa viatu, nikaenda sokoni kuuliza kama wamepata wengine watano.