Kinga ya Kuazima

Kipindupindu kilipofika tambarare ya Same, mwanzoni mwa mwaka 1978, Dorkas, mpimaji wa maabara, alihamishiwa kambi ya wagonjwa. Kambi yenyewe ilikuwa shule ya msingi nje kidogo ya mji, wanafunzi wamerudishwa makwao na madawati yamesukumwa ukutani kupisha vitanda. Yeye alipewa chumba kilichokuwa cha kuhifadhia majembe. Alikipiga deki, akaweka hadubini juu ya dawati, akawasha kabati lake la joto la kuoteshea bakteria, linalotumia mafuta ya taa, na hapo pakawa maabara. Kazi yake ilikuwa kupima vinyesi vya wagonjwa na kutambua bakteria waliomo.

Watu wa mjini walilijua hilo. Bi Mwanaidi, mwenye nyumba aliyempangisha chumba, hakuwa mtu mbaya. Alimwomba kwa upole asichote tena maji kwenye pipa la uani, akaahidi kumwekea ndoo yake mlangoni, na kila asubuhi ndoo ilikuwepo, imejaa. Lakini wali wa jioni waliozoea kula pamoja mkekani ulikoma bila mtu kuutaja. Dukani nako, Dorkas alipojiunga na foleni ya sukari, watu walisogea kumpisha, na hawakufanya hivyo kwa heshima. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, hana mume wala mtoto. Tangu azaliwe hakuwa amewahi kumaliza siku nzima bila kuongea na mtu jambo lisilo la kazi. Sasa siku za namna hiyo zilifuatana.

Mama yake, Lukia, aliishi peke yake juu mlimani, Chome, chini ya msitu wa Shengena. Zamani Dorkas alipanda kumwona kila mwisho wa mwezi, akimpelekea chumvi na mafuta ya taa, na kurudi na viazi. Ugonjwa ulipoingia bondeni, njia ya mlimani iliwekewa kizuizi. Aliyetoka tambarare hakuruhusiwa kupanda, hasa mfanyakazi wa kambi. Dorkas hakulalamika. Alijua kwamba kule juu kitongoji kizima kinachota kwenye mfereji mmoja, na mgonjwa mmoja angetosha. Asubuhi, kabla ya kuingia kazini, alisimama nyuma ya darasa la mwisho akautazama mlima. Mara nyingi ulikuwa umefunikwa na wingu, na hakuona chochote.

Lugano aliletwa na tela la shamba la mkonge, amelazwa juu ya magunia, macho yamezama na ngozi ya vidole imekunjamana. Alikuwa mkata mkonge, Mnyakyusa aliyetoka Rungwe, mbali kusini, ujanani kutafuta kazi na hakurudi tena. Hakuna aliyemsindikiza. Muuguzi alipomuuliza ndugu wa karibu ni nani, alitaja jina la shamba.

Kama wenzake wote wa shambani, Lugano alikuwa akimeza vidonge vya tetrasaiklini tangu habari za ugonjwa zilipoanza kusikika. Viligawiwa kwa kila mtu, mzima na mgonjwa, ili kuzuia, na mkutano ulipotangaza ugawaji huo watu walipiga makofi. Wengi walivimeza kwa wiki nyingi. Dawa hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kambini, na kwa kawaida, baada ya siku moja au mbili, kuhara kulipungua. Kwa Lugano hakukupungua. Daktari Gideoni, mkuu wa kambi, alidhani vidonge vimeharibika kwa kukaa, akafungua kopo jipya. Bado hali ilikuwa ile ile. Kilichomshikilia mgonjwa ni maji tu: dripu zilipokuwepo, na zilipokwisha, vikombe vya maji ya chumvi na sukari, kimoja baada ya kingine.

Dorkas aliwaotesha bakteria wa Lugano kwenye kisahani, akaweka katikati kijikaratasi cha duara kilicholowekwa dawa. Wiki za mwanzo wa ugonjwa, kijikaratasi kama hicho kilizungukwa na eneo tupu, mahali ambapo dawa ilikuwa imewaua wote. Safari hii walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa kijikaratasi. Alirudia kwa vijikaratasi vya pakiti nyingine. Matokeo yalikuwa yale yale, kisha yakatokea hivyo hivyo kwa wagonjwa wengine wawili wa shamba lile.

Alimwita daktari aje kuona mwenyewe.

"Hawa wa mwanzo dawa iliwaua, bado ninao kwenye chupa," Dorkas alisema. "Hawa wa sasa haiwafanyi kitu. Na ni kipindupindu kile kile."

"Usugu huu wameutoa wapi kwa muda mfupi hivi?"

"Nadhani wamepewa, Daktari. Wamepewa na bakteria wa kawaida wa tumboni mwa mgonjwa."

Gideoni alivuta kiti akaketi. Wote wawili walikuwa wamefundishwa jambo hilo chuoni, kwamba madaktari wa Japani walikwisha kuliona kwenye ugonjwa wa kuhara damu, ila hakuna aliyetarajia kukutana nalo kwenye stoo ya majembe. Tumboni mwa kila mtu wanaishi bakteria wa jamii nyingine, wasio na madhara. Vidonge vinapomezwa kila siku na mtu asiyeumwa, wanyonge kati yao hufa, na wale wachache wenye kinga dhidi ya dawa hubaki wakazaana. Kinga yenyewe imeandikwa kwenye kijipete kidogo cha vinasaba, ambacho bakteria hukibeba kando ya vinasaba vyake vikuu. Anaweza kutoa uzi mwembamba, akamnasa jirani, akampa nakala ya kijipete hicho na yeye akabaki na cha kwake. Jirani si lazima awe wa jamii yake. Kipindupindu kiliingia katika tumbo la Lugano kikakuta limejaa majirani wa namna hiyo.

Daktari alikubali kwamba inawezekana. Lakini ili aombe mkoani amri ya kusimamisha vidonge, alihitaji kitu cha kuonyesha. Basi Dorkas akachukua bakteria wa kawaida kutoka tumboni mwa Lugano, wale wasiokufa kwa dawa, akawachanganya, kwenye chupa ya mchuzi wa kuoteshea bakteria, na kipindupindu cha wiki za mwanzo, ambacho dawa ilikiua. Aliwaacha pamoja kwenye joto. Kesho yake aliwapanda kwenye visahani vyenye tetrasaiklini ndani, vya chakula maalumu ambacho kipindupindu huota juu yake kwa rangi ya manjano, na wale wa kawaida wa tumboni hawaoti kabisa. Pembeni aliweka visahani vya kulinganisha, kila aina peke yake. Ikiwa hakuna kilichopokezanwa, vyote vingebaki vitupu.

Asubuhi ya kuvifungua, dereva wa kambi alimwambia kuna mtu anamwita kizuizini.

Alikuwa Tumainieli, mtoto wa baba yake mdogo, ameteremka kwa miguu kutoka Chome. Alisimama upande wake wa mti uliolazwa njiani, kofia mkononi, na mgambo mmoja katikati yao.

"Dada, mama amepumzika," alisema kwa Kichasu, lugha yao ya nyumbani. "Ni juzi. Jana tumemzika."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikwenda kulala tu. Jirani alikuja asubuhi, akaona hakuna moshi."

Dorkas aliuliza nani alimwosha, na kaburi limechimbwa upande gani wa shamba. Tumainieli alimweleza. Kisha Dorkas akamuuliza kama amekula chochote tangu aondoke nyumbani, maana njia ni ndefu, naye akasema amekula. Hawakuweza kupeana mikono. Kijana wa watu aliweka chini furushi la viazi alilokuja nalo, akarudi nyuma hatua kadhaa, na Dorkas akalichukua. Walitazamana kidogo, kisha kila mmoja akageukia upande wake.

Alirudi maabara kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Aliweka furushi kwenye kona, akanawa mikono, akafungua kabati la joto. Visahani vya kulinganisha vilikuwa vitupu, safi kabisa. Juu ya vile vya mchanganyiko kulikuwa na vidoa vidogo vya manjano vilivyotawanyika. Alivihesabu, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kipindupindu ambacho dawa iliweza kukiua sasa kilikuwa kinaota juu ya dawa.

Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, na daktari alikuwa amekwenda shambani kuchukua wagonjwa wapya. Dorkas alikaa na kisahani mkononi. Mtu ambaye siku zote alimsimulia mambo ya kazi, hata asipoyaelewa, alikuwa mama yake.

Baadaye aliingia wodini. Wauguzi walikuwa wachache, na Lugano alikuwa macho, kikombe kimewekwa mahali asipopafikia. Dorkas alikichukua akaketi kando ya kitanda, akaanza kumnywesha kidogo kidogo.

"Umelia," Lugano alisema.

"Mama yangu amezikwa jana."

Alimeza funda moja, akapumzika. "Wangu alizikwa nikiwa huku huku bondeni. Habari ilipofika, mahindi juu ya kaburi yalikuwa yameshaota." Kisha akauliza kama Dorkas amekwisha kuona tatizo lililo tumboni mwake.

Dorkas alimweleza. Hakuwa na mwingine wa kumweleza, na Lugano alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za kwao. Alitaka kuhakikisha kwamba ameelewa sawasawa: wale wa tumboni na ule ugonjwa si ukoo mmoja, hawakuwa wamewahi kuonana, na bado walipeana.

"Walipeana," Dorkas alisema.

"Mimi nimelala kwenye kambi ya mkonge miaka yangu yote. Ukuta kwa ukuta na watu wa kila kabila. Jirani yangu wa kulia jina lake silijui."

Dorkas alijaza kikombe tena. Alikaa pale mpaka Lugano akapata usingizi, na akaona kwamba ngozi ya vidole vyake imeanza kunyooka.

Lugano alipona kwa maji. Daktari Gideoni alipiga simu mkoani, kisha akapeleka visahani mwenyewe kwa Land Rover, na baada ya majadiliano marefu ugawaji wa vidonge kwa watu wasioumwa ulisimamishwa. Dorkas alitumwa shambani kueleza. Alisimama mbele ya wakata mkonge akasema maneno yote, uzi, kijipete, jirani, na aliona machoni mwao kwamba hawamwamini. Mmoja aliuliza kwa nini wananyang'anywa dawa wakati watu wanakufa. Alijibu kadiri alivyoweza. Hawakupiga makofi. Hata hivyo walichimba vyoo, maji yakatiwa klorini, wagonjwa wakanyweshwa mapema, na polepole vitanda vya kambi vikaanza kubaki wazi. Lugano alirudi kazini na tela lile lile. Alimpungia mkono Dorkas kutoka juu ya magunia, na hawakuonana tena.

Kizuizi kilipoondolewa, Dorkas alipanda Chome. Kaburi lilikuwa limeshatulia, udongo umeshikana kwa mvua. Nyumba ilinukia moshi wa zamani. Aliwasha moto, na majirani walipoona moshi wakaja mmoja mmoja, wakaketi, wakamsimulia wiki za mwisho za mama yake: jinsi alivyopalilia hadi siku ya mwisho, na jinsi alivyozoea kutoka nje jioni kutazama taa za Same kule chini. Bibi mmoja alimuuliza kuhusu kazi yake ya kambini. Dorkas alianza kueleza, akaona sentensi inakuwa ndefu, akaiacha, akawaomba waendelee kumsimulia habari za mama.

Walipoondoka alishusha vyungu vyote vya mama yake kutoka darini akaviosha, ingawa vilikuwa safi. Alivipanga jikoni vikauke. Asubuhi alifunga mlango, akamwachia Tumainieli ufunguo, akaanza kuteremka kurudi Same katika ukungu. Alitembea muda mrefu bila kukutana na mtu, mpaka joto la bondeni lilipoanza kumpiga usoni.