Simba wa Madagaska

Kamati yetu ya maendeleo ilirudi kutoka Madagaska ikiwa imenenepa. Hiyo ndiyo kitu ya kwanza niliona. Watu saba walienda siku kumi na nne kujifunza kilimo cha wenzetu, na hakuna hata mmoja alirudi na ufa kwa kisigino. Mtu aliyetembea shamba la watu wiki mbili hurudi na angalau mchubuko.

Mimi naitwa Ndeti. Ni fundi wa mawe, na shule niliwachia darasa la nne. Kijiji chetu kiko ndani. Ukitoka Kitengela ukienda Kajiado, unaacha lami na kufuata vumbi mpaka uchoke, na ukishachoka umefika. Hapo tuko na zahanati. Nasema zahanati kwa sababu ndivyo bango linasema. Ni kuta nne ambazo nilizijenga kwa mikono hii miaka sita iliyopita, zikafika usawa wa linta, pale juu ya milango, kamati ikaziacha. Jua likiwa kali mbuzi huingia humo kupumzika. Wao ndio wagonjwa wa kwanza na wa pekee.

Mke wangu Mwelu alishikwa na kifua mwaka juzi. Asubuhi ile pumzi ilipokataa kabisa, Awale, anayeuza kondoo, alishusha wanyama wake kwa pikapu tumpandishe yeye tumkimbize Kajiado. Alinifia mapajani kabla hatujaona lami. Kutoka mlango wangu mpaka zile kuta ni hatua mia mbili. Kungekuwa na paa juu yake, na nesi chini yake, na mtungi mmoja wa hewa, mimi leo ningekuwa nakula chakula kimepikwa na mtu. Watu wa kanisa waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa kwa hiyo kamati.

Sasa nieleze vile nilijua Madagaska, kwa sababu watu bado huniuliza.

Nyumba ya mabati huingiza baridi na vumbi, kwa hivyo sisi hubandika karatasi ndani kwa uji wa unga. Mwelu alikuwa anafagia shule moja ya watu binafsi. Ilipofungwa akapewa kitabu cha jiografia ya visiwa, panya wameshakula nusu. Panya walikula visiwa vyote wakabakisha Madagaska. Akazibandika kurasa zote ukuta wa kitandani. Alipolala bila kuinuka miezi mitatu, kazi yangu ya jioni ilikuwa kumsomea ule ukuta, kidole chini ya kila neno kama mtoto. Tulipomaliza tulianza tena. Shida ni moja tu: ukurasa uko na pande mbili, na uji hauulizi upande gani ni wa maana. Nusu ya Madagaska ilikuwa inaangalia mabati.

Hata hivyo tulijua mengi. Tulijua watu wa kwanza wa kile kisiwa wengi walivuka maji kutoka mbali sana upande wa Asia, na lugha yao mpaka leo ina ndugu huko. Tulijua Wafaransa waliwatawala, watu wakainuka mwaka wa arobaini na saba wakauawa kwa maelfu, na wakapata uhuru wao mwaka wa sitini, miaka mitatu kabla yetu. Tulijua wanakula wali asubuhi, mchana na jioni. Tulijua wanyama wao hawako mahali pengine: lemuri, kama kima wa mikia mirefu, na fosa, kitu kama paka mrefu, ambaye ndiye mkali kushinda wote huko.

Lakini Mwelu alipenda ukurasa mmoja. Kule milimani, miaka kadhaa ikipita, watu hufungua kaburi, huwatoa wafu wao, huwafunga nguo mpya, huwabeba wakicheza, na kuwapa habari za nyumbani. Nani ameoa. Nani amezaa. Halafu huwarudisha.

"Ndeti, wewe utanitoa?" akaniuliza.

"Nikutoe uende wapi? Lala."

"Si kwenda. Uniambie tu mambo yamefika wapi."

Nilimwambia anyamaze asimalize pumzi. Hayo ndiyo maneno mtu husema akidhani wakati uko.

Basi mkutano wa kushirikisha wananchi ukaitwa, pale pale mbele ya kuta zangu. Kwa mikutano hii kuna desturi. Ukifika unasaini karatasi ya mahudhurio ndio upewe soda na mkate. Asiyejua kuandika anaweka kidole. Unadhani umesaini kwamba ulikuja. Baadaye ile karatasi inashikanishwa nyuma ya ripoti, na inaitwa "wananchi wamekubali kwa kauli moja." Hivyo ndivyo bwawa letu la mifugo liligeuzwa kiwanja cha helikopta. Bado tunangoja helikopta. Ng'ombe nao walichoka kungoja maji.

Na kila mtu anajua, na kila mtu anasaini, kwa sababu soda ni baridi.

Mimi sikusaini. Khadijo, mama wa duka la unga na maziwa ya ngamia, alikuwa ameshafungua yake.

"Ndeti, kunywa soda. Chuki haishibishi."

"Inashibisha kuliko mkate wa kamati, mama."

"Wallahi umekuwa mtu wa siki," akasema, akasogea ili nikae.

Mwenyekiti wa kamati anaitwa Mumo. Ni mtu wa kwetu Ukambani, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Namjua tangu akileta vitunguu vya Kimana na kuviuza kwa ndoo kando ya barabara Kitengela. Siku hiyo alivaa shati la maua na kofia ya ukindu imeshonwa MADAGASCAR kwa uzi mwekundu, tusije tukasahau.

"Sopa!" akaanza, ili Wamaasai wampende.

"Epa," wakajibu, kwa sababu wako na adabu.

Sandra, karani wake, akasoma pendekezo. Jengo lililokwama, hawakusema zahanati, limalizwe liwe stoo ya mpunga. Kiwanja kilichobaki kiwe shamba la mfano la mpunga, vile wanafanya Madagaska.

Nikaangalia udongo chini ya viatu vyangu. Ni ule mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unaingia. Maji ya kunywa tunaletewa na lori.

"Huo mpunga utakunywa nini?" Khadijo akauliza. "Soda?"

Watu wakacheka kidogo. Mumo akacheka pia, kama mtu anayelipia hasara. Alijua Wamaasai ndio wengi pale, na mpunga kwao ni nyasi ya watu wengine. Akaamua kuwatafuta kwa mifugo.

"Wazee, wenzetu kule wako na shida kama zenu," akasema. "Tuliona kwa macho yetu. Simba wa Madagaska anaingia boma usiku, anakula ng'ombe watatu, kama hawa wenu wanaotoka mbugani. Lakini kwa sababu ya mpunga, wale watu wamesimama. Mpunga umewainua."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Simba ni jambo wanalijua. Mmoja wao alikuwa amepoteza ndama wiki hiyo. Nikaona wameanza kulainika, na nikaona paa la zahanati likiondoka mbele yangu mara ya pili. Nikainuka.

"Mumo. Hakuna simba Madagaska."

"Tafadhali mzee, maswali ni baadaye."

"Si swali. Hakuna simba, hakuna chui, hakuna fisi. Mkali wao ni fosa, na ng'ombe hamwezi."

"Wewe umeenda Madagaska lini?"

"Sijaenda. Hata simba hajaenda."

Hapo walicheka sawasawa. Awale alikuwa ananing'inia kwa mlango wa pikapu yake na akapiga bati kwa kofi. Mumo akavua kofia, akajipangusa, akairudisha.

"Ndeti, mzee wangu, wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne."

"Basi profesa wa darasa la nne, utuambie. Mji mkuu wa Madagaska unaitwaje?"

Ule ukurasa naujua mahali uko. Uko ukutani juu ya mto wa kulalia wa Mwelu. Aliniambia ramani imelala kifudifudi kwa mabati, na upande unaoonekana ni picha ya vanila. Miezi mitatu niliusoma upande wa vanila wote, na ule wa ramani sikuwahi kuuona. Watu walikuwa wananingoja. Mumo ameshaanza kutabasamu.

"Sijui," nikasema.

"Hajui," Mumo akawaambia watu, mikono wazi. "Mji mkuu hajui. Simba ndio anajua."

Wakamcheka sasa mtu wao, yaani mimi. Nilikuwa nakaa. Kweli, magoti yalikuwa yameshakunjika. Halafu nikafikiria, huyu ananiuliza nini?

"Sijui kwa sababu sikulala huko," nikasema. "Nyinyi mlilala siku kumi na nne. Ndege iliwashusha mji gani, Mumo?"

Akamwangalia Sandra. Sandra akainamia simu, na kwetu mtandao uko juu ya kichuguu tu, ng'ambo ya mto uliokauka.

"Ni mji mkubwa," akasema.

"Jina," Awale akaita kutoka kwa pikapu. "Mimi nikipeleka kondoo Illasit, najua nimefika Illasit."

"Ni jina refu. Lugha yao ni ngumu."

"Tupe nusu," Khadijo akasema. "Hiyo nusu ingine tutangoja na helikopta."

Jamaa wengine sita wa kamati walikuwa wameketi viti vya plastiki nyuma yake. Nikawaangalia mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa amepata kitu cha maana kwa viatu vyake. Sijui walikuwa wapi zile siku kumi na nne. Palikuwa na chakula, hiyo naweza kuapa.

Sikuwa nimepanga kusema lingine. Lakini nilikuwa nimesimama.

"Kuna jambo la kweli la Madagaska mngetuletea," nikasema. "Huko mtu hutoa wafu wake akawaambia mambo ya nyumbani yamefika wapi. Bibi yangu aliniomba hivyo. Awale hapa alimbeba. Sasa mniambie, nikienda kwake leo nimwambie nini? Nimwambie zile kuta nilizojenga ni za kuweka mpunga? Mpunga hauugui kifua."

Awale alitoka kwa pikapu, akaenda mpaka mezani, akaivuta ile karatasi ya mahudhurio.

"Jina langu litoke," akasema. Akalipiga mstari.

"Huwezi," Mumo akasema. "Hiyo ni karatasi ya serikali. Ikichafuliwa haifai tena."

"Kumbe," Khadijo akasema. Akaweka soda chini ikiwa nusu, akapanga foleni. Wazee wa Kimaasai waliokuwa wameweka kidole walirudi kuweka kidole tena, juu ya kile cha kwanza, mpaka ile karatasi ikawa kama imekanyagwa na kuku. Kalamu ya Awale ilipokauka, Sandra mwenyewe alitoa yake kwa mkoba, bila kumwangalia Mumo.

Mkutano umeahirishwa. Pendekezo lirudi kamatini, hivyo ndivyo walisema. Zahanati bado haina paa, na mimi si mjinga, najua kamati hairudishi kitu ili ikikose. Wataita mkutano mwingine na soda baridi zaidi. Lakini bango bado linasema zahanati.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Nikapasha maji, nikalowesha ule ukurasa wa vanila kwa kitambaa, nikaubandua polepole kwa kisu cha jikoni. Ulitoka vipande vipande. Ramani ilikuwa na kutu, lakini katikati, penye nyota nyeusi, jina lilikuwa limebaki zima. Nikaenda nalo nyuma ya nyumba, mahali Mwelu amelala, nikakaa juu ya jiwe.

Nilimwambia mambo yamefika wapi. Halafu nikaweka kidole chini ya lile neno, nikamsomea. An-ta-na-na-ri-vo. Nilirudia mara tatu, mpaka ulimi ukalizoea. Sasa tunajua sisi wawili. Mumo bado.